Siku Niliyoisemesha Bastola ya Bwana Pamba

Aibu ninayo, sikatai, na nimekaa nayo miaka mingi kuliko baadhi yenu mlivyokaa na wake zenu, lakini kinachoniuma mpaka leo si aibu yenyewe, ni namna watu wanavyoieleza. Watu wa Wamaza wanasema nilijikojolea. Sikujikojolea, ilikuwa grenadini (ile sharubati nyekundu waliyokuwa wakinywa wazungu kwa maji), na suruali iliyolowa haikuwa yangu, ilikuwa ya mzungu. Watu wa Lusangi wanasema niliruka dirishani nikakimbilia msituni, wakati hata hilo dirisha halikuwepo, tulikuwa uwanjani peupe. Kwa hiyo kaeni, nitaieleza mwenyewe kama ilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikifika katikati sitaki mtu anikatize.

Zamani hizo za Wabeleji mimi nilikuwa fundi wa bunduki hapa Kasongo, kazi niliyoikuta kwa baba yangu, na yeye aliikuta kwa wazee wake waliokuja na misafara. Bunduki zetu zilikuwa pupu, zile ndefu za wawindaji ambazo unazijaza kwa mdomoni: unatia baruti, unatia kitambaa na risasi, unashindilia kwa mdeki, ule ufito wake, halafu nje kabisa, karibu na kitako, unaweka fataki, kikofia kidogo chenye moto, juu ya kiguu chake, nyundo inaangukia fataki, bunduki inalia. Nilizijua pupu za hapa mpaka Kabambare, nyingine nilizitambua kwa mlio kabla sijamwona mwenyewe anatoka porini. Lakini fundi mweusi hakuweza kushika bunduki za watu bila ruhusa ya serikali, na ruhusa ilikuwa ya mzungu mwenye duka, ambaye tulimwita Bwana Mapema kwa sababu alianza kugomba kabla watu hawajanawa uso. Basi mimi nilikaa kwenye baraza la duka lake, nyuma ya marobota ya amerikani, natengeneza mimi, anasifiwa yeye, na mteja akitaka kunishukuru anashukuru kupitia dirishani kwa Bwana Mapema.

Nilitaka ruhusa yangu, yenye jina langu. Ndilo jambo nililokuwa nalitaka kuliko yote, nalisema wazi ili muelewe kwa nini nina hasira. Kule Kabambare hakukuwa na fundi hata mmoja, wawindaji walitembea mpaka Kasongo na bunduki begani kwa ajili ya kamani (springi ya nyundo) iliyolegea tu, na mzungu mkubwa wa teritwari (wilaya) kule, tuliyemwita Bwana Kimya kwa sababu unaweza kumsalimu asubuhi akakujibu jioni, alikuwa amekubali kunifikiria. Alisema kwanza anione kazini. Mke wangu Zaina aliposikia hivyo alifunga sufuria zake kwenye kirago siku hiyo hiyo, akabakiza moja ya ugali, akasema yeye kuishi kwa kukopa baraza la mtu amechoka.

Sasa, chanzo cha balaa ni bastola mbili. Bwana Mapema alikuwa na bastola kubwa ya zamani, ya jeshi, aliyoachiwa na baba yake, nzito, kitako chake cha mbao kimelainika kwa mikono ya watu waliokwisha kufa. Ile ilikuwa inajazwa polepole, risasi moja moja, kwa kimlango kidogo cha ubavuni, na ukiipiga mkono mzima unarudi nyuma, moshi unakuingia puani, na nguo za majirani zinaanuliwa. Risasi zake zilikuwa nene, kitako cha kila risasi kina kitufe katikati, na hapo ndipo nyundo inapogonga. Rafiki yake, mzungu wa kukagua mashamba ya pamba (huyo jina lake lilikuwa Bwana Pamba, hatukujisumbua kutafuta lingine), alikuwa ameletewa bastola mpya, ndogo, inang'aa, ya risasi nyembamba kama kalamu ya shule. Kigurudumu chake cha risasi kilichomoka chote ubavuni, chenye matundu tisa, unajaza haraka, hairuki, haipigi kelele, na risasi zake zilikuwa rahisi, mtu aliweza kupiga Jumapili nzima bila kujionea huruma. Tena kitako cha risasi zake hakikuwa na kitufe chochote katikati, kilikuwa laini kabisa, na mimi nilikiona hivyo nikakiacha hivyo. Lengeni hapo, tutarudi.

Kila Jumapili hao wawili walipiga makopo ya maziwa nyuma ya duka, na kila Jumapili waligombana. Mmoja anasema bastola ndogo ni ya wanawake, mwingine anasema ile kubwa ni ya kufukuzia tembo, siyo ya kuchezea. Mmoja anasema bastola ya kweli ni chuma cha zamani, mwingine anasema bastola ni kulenga. Mimi nilikuwa na maoni yangu, msidhani sikuwa nayo: kwa kupiga makopo siku nzima na kujifunza kulenga, ningechukua ndogo, kwa sababu haikuogopeshi, na mtu asiyeogopa mkono wake unatulia, lakini kwa kushika tu, kuisikiliza, kuifungua na kuifunga, ningechukua ile kubwa, maana ilitengenezwa na mtu aliyejua kwamba itaangukia mikono mibaya. Hayo ndiyo yangu na sijayabadili. Kama ningeyasema hivyo hivyo siku ile nilipoulizwa, leo ningekuwa naitwa fundi Amisi tu.

Maana niliulizwa. Bwana Mapema aliniita mbele ya rafiki yake, wamekaa na bia zao, akasema, "Amisi, wewe iko fundi. Sema kweli. Gani iko muzuri?"

Sikusema zote ni nzuri, wala sikusema sijui. Nilijikuna kidogo nikasema, "Bwana, bunduki hatuisemei mpaka tuisemeshe."

Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Sisi mafundi wa huku tuna desturi, labda nyie vijana hamkuiona. Bunduki ikipona, fundi anaishika ikiwa tupu mbele ya mwenyewe na mashahidi wake, anavuta nyundo, anaiachia, watu wanasikiliza kamani inavyolia, kama inalia kavu au inalia na maji. Kila shahidi ana haki ya kuomba isemeshwe tena, na fundi akikataa maana yake anaficha kitu. Kwenye pupu hakuna ubaya wowote, unaweka kipande cha ngozi juu ya kiguu cha fataki, nyundo inaangukia ngozi, basi. Wazungu wale waliposikia habari hiyo walipenda mno, wakapigiana mapaja, wakasema hapana, hii isifanywe hapa barazani, tutaifanya Kabambare siku ya sikukuu, mbele ya watu wote, halafu tushindane kupiga chupa. Bwana Mapema akanikonyeza akasema, "Bwana mukubwa ataona kazi yako." Nikaenda nyumbani natembea kwa maringo.

Tulikwenda kwa kamiyoneti, gari dogo la mizigo la duka, wao mbele, mimi nyuma juu ya kreti za chupa tupu, na bastola zote mbili mapajani mwangu zimefungwa kwa kitambaa. Njiani nilizikagua vizuri nitafute pa kuweka ngozi. Ile kubwa, nyundo yake ina kidomo kinachopita kwenye tundu, na kigurudumu kikiwa kitupu kidomo kinagusa hewa tu, hakigongi popote. Nikatazama ndogo, nayo ina kidomo, nacho kinapita kwenye tundu, isipokuwa tundu lake halikukaa katikati, limekaa pembeni. Nilidhani waliotoboa huko kwao walikosea kidogo, nikawasamehe, ngozi nikairudisha mfukoni.

Uwanja wa Kabambare ulijaa. Bendera ilikwisha kupandishwa, askari walikwisha kupita, na wazungu walikuwa wamekaa chini ya turubai nyuma ya meza ndefu ya kuungaunga, ubao uliolazwa juu ya miguu ya kukunja, umefunikwa kitambaa cheupe. Juu yake chupa za bia, jagi la grenadini, na mwishoni zimepangwa zile chupa tupu zinazosubiri kupigwa. Bwana Kimya alikaa katikati na suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mbele yao, chini, wawindaji wa Wamaza na Lusangi, wateja wangu wote, na mkubwa wao Mzee Kalonda, mwindaji wa nyati, mtu ambaye neno lake moja lilitosha kukujazia baraza au kukuondolea. Mimi nimevaa kanzu yangu ya Idi na koti juu.

Nilianza na ile kubwa. Nikaonyesha ni tupu, nikavuta nyundo, nikaiachia. Ililia vizuri, mlio mnene, wenye mwisho. Wawindaji wakaitikia kwa kichwa, na Mzee Kalonda akasema, "Ile iko na sauti ya mwanaume." Nikairudia mara kadhaa kwa heshima ya mashahidi, Bwana Mapema akavimba.

Nikachukua ndogo. Nikavuta, nikaachia. Tik.

Watu wakacheka. Mzee Kalonda akaweka mkono nyuma ya sikio akauliza, "Fundi, hii iko nasema ama iko natafuna karanga?" Wakacheka tena, na wazungu nao walipotafsiriwa maneno hayo wakacheka, isipokuwa Bwana Kimya, ambaye alikuwa ananitazama mikono tu, kidole chake kwenye ukingo wa bilauri. Bwana Pamba uso ulikuwa mwekundu. Akasema, "Tena. Piga tena, nguvu, wasikie." Sikilizeni vizuri hapo: mwenye bastola mwenyewe ndiye aliyesema nipige tena. Nikapiga tena. Mwindaji mmoja wa Lusangi akaomba aisikie kwa karibu, ni haki yake, nikamsogezea. Mwingine naye akaomba. Mzee Kalonda akaomba aisikie kwa sikio la kushoto kwa sababu la kulia liliharibiwa na pupu yake mwenyewe. Kigurudumu kilizunguka, tundu kwa tundu, tik, tik, tik, nikazunguka uwanja mzima na ile bastola kama mtu anayegawa tende, na kila nilipopita watu walinifungulia njia. Wallahi nilijisikia mkubwa. Nikatoa hukumu yangu kwa sauti, kwamba kubwa ni ya kuheshimiwa na ndogo ni ya kutumiwa, watu wakapiga makofi, na nikamwona Bwana Kimya anajiandaa kusema kitu halafu anakunywa maji badala yake.

Basi wakaanza kujaza ili washindane. Bwana Mapema akajaza yake kwa kile kimlango, moja, nyingine, kazi imekwisha. Bwana Pamba akafungua kigurudumu chake, akatia risasi kwenye tundu la kwanza. Ikaingia nusu ikasimama. Akajaribu tundu jingine, ikasimama hapo hapo. Akajaribu yote, akasukuma kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe, hakuna iliyoingia. Akanigeukia, watu wote wakanigeukia naye.

"Amisi. Wewe umefanya nini?"

Hata hapo ningeweza kuokoka. Ningesema tu sijui, Bwana, na kweli nilikuwa sijui. Lakini mbele ya wateja wangu wote, fundi aseme hajui? Nikasema, "Lete," nikaipokea, nikamwambia ni mafuta tu, hizi risasi zimepakwa mafuta, zimeshika vumbi la njiani. Nikafuta matundu kwa ncha ya kanzu. Risasi haikuingia. Nikapuliza. Haikuingia. Watu wanasogea, mmoja ananipumulia shingoni. Nikachukua kisu changu, nikakigeuza upande wa mpini wa mti, na ile risasi ikiwa imeingia nusu tunduni nikaanza kuigonga taratibu kwenye kitako chake, taratibu kabisa, kama mtu anayegonga mlango wa mkwe.

Msinitazame hivyo. Mimi ni mtu wa pupu. Kwenye pupu unashindilia unavyotaka, unagonga mdeki mpaka jasho likutoke, haiwezi kulia, kwa sababu moto uko kwenye fataki na fataki iko nje. Risasi hizi nyembamba moto wake hauko katikati wala nje, umemwagwa ndani ya ukingo wa kitako, mzunguko wote, na hapo ukingoni ndipo hasa nilipokuwa nabisha hodi.

"Hapana," Bwana Kimya akasema kwa nguvu, ameinuka. Lilikuwa neno lake la kwanza mchana ule, na lilichelewa.

Ikalia. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa, pupu mbovu inalia zaidi, lakini huu ulilia ndani ya kiganja changu, na ganda la shaba likarudi nyuma likanichana hapa (alama hiyo, mnaiona) likapita kando ya sikio. Na mimi, Amisi, mtoto wa mafundi, niliyelala na baruti chini ya kitanda toka utotoni, nilikuwa nimekwisha kuwa chini ya meza. Sijui nilifikaje. Nilikuwa chini ya meza na kitambaa cheupe kimenifunika, naita mama yangu na Zaina kwa pumzi moja kwamba nakufa. Hapo hawasemi uongo, niliita. Bega langu liligonga mguu wa kukunja, mguu ukajikunja kama ulivyofundishwa, ubao ukalala, na chupa zote, za bia na zile tupu zilizokuwa zinasubiri kupigwa, zikashuka kwa mpangilio zikapasuka. Jagi la grenadini likamwagikia Bwana Kimya tangu kiunoni mpaka magotini.

Halafu nikasikia Bwana Mapema anasema, "Amisi ameshinda. Chupa yote, risasi moja."

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena, hata arusini. Mzee Kalonda alikaa chini kabisa, machozi yanamtoka, halafu akatambaa akainua pembe ya kitambaa akanitazama, akaniambia kwa upole ulioniumiza kuliko kicheko, "Fundi, iko muzima huko? Toka, baba. Ile iko bastola ya mutoto." Nilipotoka, watoto wa Kabambare walikuwa wameshanipa jina, Chini-ya-Meza, na jina hilo halijanitoka mpaka leo, mnalijua, mnalitumia nikigeuka.

Sasa ndio tunafika kwenye hasira yangu. Bwana Kimya, suruali inatiririka nyekundu, aliichukua ile bastola ndogo, akakiinua kigurudumu juani, akatuonyesha. Kwenye mdomo wa kila tundu, pembeni, palikuwa na kovu dogo ambapo kidomo cha nyundo kilikuwa kimegonga chuma kitupu, tik, tik, tik, chuma kikavimba kuelekea ndani, risasi ikakosa njia. Akasema polepole, kama mtu anayefundisha darasa, "Ile kubwa unaweza piga tupu, nyundo inapiga hewa. Hii hapana. Hii bila risasi, nyundo inapiga ukingo wa tundu. Kila mara inaharibu."

Bwana Pamba akadakia, "Kila mutu anajua vile." Kila mtu. Yeye aliyekuwa anasema tena, nguvu, wasikie.

Nilifunga mkono kwa kitambaa, nikaomba msumari mnene, nikauchonga ncha juu ya jiwe mpaka ukawa mviringo na laini, nikautia kwenye tundu la kwanza, nikausukuma huku nikiuzungusha, chuma kilichovimba kikarudi mahali pake. Nikafanya hivyo matundu yote, hapo hapo, na damu inadondoka. Nikatia risasi, ikaingia yenyewe bila kusukumwa. Nikamrudishia Bwana Pamba bastola yake, akaenda akapiga makopo waliyotafuta badala ya chupa, akayapata karibu yote, na hakunitazama tena siku ile.

Nikamwendea Bwana Kimya. Nilikuwa bado na matumaini, mwaona ujinga. Nikasema, "Bwana, nimeharibu mbele yako, na nimetengeneza mbele yako. Ruhusa yangu iko namna gani?"

Akasema, "Ruhusa hapana. Fundi ya bunduki lazima anajua bunduki."

"Bwana alijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka ile ya kwanza," akasema. "Uliipiga ya kwanza, nikajua."

Nikamuuliza (na mtu mwenye akili asingeuliza, polisi alikuwa amesimama pale) sasa kwa nini Bwana hakusema. Alinitazama kwa kushangaa kweli, kama nimeuliza kwa nini mvua inanyesha, akasema, "Haikuwa bastola yangu."

Nilirudi Kasongo nyuma ya kamiyoneti, kreti hazina hata chupa moja ya kugongana. Zaina aliniosha mkono, nikamweleza yote, na mpaka leo nampenda kwa alichosema, kwa sababu hakucheka. Alisema, "Mutu aliona, akanyamaza, akangoja uanguke, halafu njo weye unaitwa hujui?" Halafu akafungua kirago akaanza kurudisha sufuria mahali pake, moja moja.

Mnadhani iliishia hapo. Mwezi haukuisha, Bwana Mapema akapewa yeye ruhusa ya kufungua karakana ya bunduki Kabambare, kwa jina lake, mlangoni kibao chenye jina lake, na ndani mnajua alimweka nani. Mimi. Fundi asiyejua bunduki akapelekwa kule kule kutengeneza bunduki zile zile za watu wale wale, na wawindaji wakaja wengi, walinipenda, siwezi kukana, ingawa kila nikivuta nyundo kuisemesha pupu wote waliinama kwa pamoja wakichungulia chini ya meza yangu. Nilitengeneza, kibao kikasifiwa.

Nikiwa kule, siku moja akaja polisi wa Bwana Kimya na kitu kimefungwa ndani ya taulo. Akasema Bwana mkubwa anasafiri kwenda likizo, anataka chuma chake kitazamwe, kina shida ya siku nyingi, risasi haziingii. Nikafungua taulo. Ilikuwa bastola ndogo, ya kiwanda kile kile, ndugu yake kabisa na ile ya Bwana Pamba, isipokuwa ya kale zaidi, rangi imechubuka. Nikafungua kigurudumu nikakipeleka mlangoni kwenye jua. Kila tundu lilikuwa na kovu pembeni. Siyo kovu moja dogo kama nililoliacha mimi, makovu juu ya makovu, ya zamani, mengine yameshika kutu, ya mtu aliyekaa peke yake kibarazani kwake jioni baada ya jioni akiipiga tupu kwa raha yake, bila shahidi wa kumcheka.

Nikayapapasa makovu kwa ukucha. Polisi akaniuliza kama naweza, nikasema naweza, dawa yake naijua. Akasogea, akashusha sauti, akasema, "Bwana anasema usiambie mutu."

Nikachukua msumari wangu nikaitengeneza, kwa sababu ni kazi yangu na chuma hakijanikosea kitu. Polisi alipokuwa anaifunga tena kwenye taulo akauliza, kwa udaku wake tu, ni nani aliyeiharibu namna ile. Nikamwambia, "Mutu mwenye kujua." Hakuelewa, akapanda baiskeli yake akaenda.

Ruhusa yenye jina langu niliipata Wabeleji walipokwisha kuondoka, na nikaking'oa kile kibao mlangoni kwa mikono yangu. Lakini hasira haikung'oka nacho, na nimeapa, na Zaina ni shahidi: silaha ya mtu siishiki tena mbele ya watu mpaka nimewauliza wote waliokaa pale, mmoja mmoja, wazee kwa vijana, kama kuna anayejua kitu ambacho mimi sikijui, na nangoja wanijibu. Wateja wanachoka, wengine wanaondoka. Waende.